Dawa Katika Ganda la Kamba: Somo kwa Vyama vya Wafugaji wa Samaki

Mfugaji mwenye ng'ombe mgonjwa humfunga mtini, humfungua kinywa na kumnywesha dawa hata ikibidi kwa nguvu, na jioni humtazama tena aone kama ameanza kucheua. Mfugaji wa samaki hana nafasi hiyo. Kizimba kimoja huweza kuwa na sato elfu kadhaa, na mwenye mali huwaona tu pale wanapopanda juu kugombea chakula. Njia alizo nazo ni mbili: kuchanganya dawa na chakula, au kuitia dawa majini. Hapo ndipo taabu inapoanza, kwa maana samaki aliyekwisha kuugua jambo la kwanza aliachalo ni kula. Dawa iliyotiwa katika chakula huliwa na wazima, nao wagonjwa wakabaki chini wakiikosa.

Hata yule aliyekula haipati yote. Oksitetrasaikilini, ambayo ni miongoni mwa viuavijasumu vilivyotumika zaidi katika ufugaji wa samaki duniani, hushikana na chokaa iliyomo majini na katika chakula, na sehemu kubwa yake hupita tumboni mwa samaki bila kuingia katika damu. Hutoka na kinyesi, huzama, hukaa katika tope chini ya vizimba. Huko vijidudu vya topeni huionja kidogo kidogo hata vikaizoea, na siku dawa itakapohitajika kweli haitafanya kazi. Chama kilichonunua kilo ya dawa kwa fedha ya wanachama kimelipia, kwa sehemu kubwa, dawa ya kutibu tope.

Somo hili lahusu njia ambayo wataalamu wamekuwa wakiitafuta ili dawa, au chanjo, imfikie samaki mahali inapotakiwa. Njia yenyewe ni kuifungasha dawa ndani ya chembe ndogo mno zilizotengenezwa kwa vitu vya asili, hasa maganda ya kamba na kaa, na mwani. Chembe hizo huitwa chembe za nano. Yafaa makatibu na wanachama walifahamu jambo hili mapema, kwa sababu neno hilo "nano" limekwisha kubandikwa juu ya bidhaa za namna nyingi, nalo halitachelewa kufika katika meza ya katibu likiwa na bei yake. Ushirika mkubwa wa mbolea wa India, IFFCO, ulianza kuuza urea ya nano ya maji mwaka 2021, na ubishi juu ya faida yake shambani ungali unaendelea. Ikiwa ushirika wenye wataalamu wake wenyewe umeingia katika ubishi, chama cha msingi chenye katibu mmoja na daftari moja hakina budi kuuliza maswali kabla ya kutia sahihi.

Kabla ya kueleza chembe, ni vizuri kutazama nchi moja iliyoshinda vita hii kwa silaha nyingine. Mwaka 1987 wafugaji wa samoni wa Norway walitumia karibu tani 50 za viuavijasumu, wakati mavuno yao yalikuwa tani zipatazo 50,000 tu. Yaani kilo moja ya dawa kwa kila tani ya samaki. Miaka ya karibuni nchi hiyo huvuna zaidi ya tani milioni 1 za samoni kwa mwaka, na dawa hizo hutumika chini ya tani 1 kwa nchi nzima. Kilicholeta badiliko hilo hasa ni chanjo. Kila samoni mchanga huchomwa sindano ya tumbo kabla ya kupelekwa baharini, na pamoja na chanjo Wanorway waliweka utaratibu wa kupumzisha maeneo na kutenganisha samaki wa umri mbalimbali.

Kwa nini basi wafugaji wa sato wasifanye vivyo hivyo? Sindano ya sato ipo, na katika nchi kadhaa mashamba makubwa huitumia dhidi ya ugonjwa wa streptokokasi, ule unaowatoa samaki macho na kuwafanya waogelee kwa kuzunguka. Lakini samoni huvunwa akiwa na kilo nne au tano, naye hulipia gharama ya mkono uliomshika. Sato huuzwa akiwa na uzito wa sahani moja. Kumkamata mmoja mmoja, kumlevya, kumchoma na kumrudisha majini ni kazi ya siku nyingi, na wengine hufa kwa mshtuko wa kushikwa. Chanjo ya sato yapaswa kuwa ya kula au ya kuogea, la sivyo itabaki kuwa ya matajiri.

Chanjo ya kula ina adui mmoja mkubwa, naye ni tumbo la sato mwenyewe. Jambo hili liligunduliwa hapa hapa Afrika Mashariki. Mtaalamu D. J. W. Moriarty, aliyefanya kazi katika Ziwa George nchini Uganda, alieleza mwaka 1973 jinsi sato anavyoweza kumeng'enya ule ukungu wa kijani unaoelea ziwani, ambao viumbe wengi hushindwa nao. Alikuta kwamba tindikali ya tumbo la sato hufikia kipimo cha pH 1.4, kali kuliko maji ya ndimu. Alikuta pia kwamba tindikali hiyo haiko muda wote: tumbo likiwa tupu usiku huwa pole, na huanza kuwa kali samaki anapoendelea kula tangu asubuhi. Chanjo ni kitu laini, aghalabu ni protini au vijidudu vilivyouawa. Ikiangukia katika tindikali ya namna hiyo humeng'enywa kama chakula kingine chochote, na mwili wa samaki haujifunzi kitu.

Sasa tutazame chembe. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa nanomita zipatazo 80,000. Chembe inayozungumzwa hapa kwa kawaida huwa na nanomita mia moja hadi mia tatu hivi. Ni ndogo kuliko kijidudu cha bakteria chenyewe. Udogo huo una faida mbili. Ya kwanza yajulikana na kila apikaye: chumvi ya mawe huyeyuka polepole na chumvi ya unga huyeyuka mara, kwa kuwa kitu kikisagwa sehemu yake inayoguswa na maji huongezeka. Ya pili ni kwamba chembe ndogo namna hiyo huweza kuchukuliwa na chembe hai za ukuta wa utumbo na za matamvua, jambo lisilowezekana kwa punje kubwa.

Kitu kinachotumika zaidi kutengenezea chembe hizo ni kaitosani. Chanzo chake ni kaitini, ile sehemu ngumu ya ganda la kamba, kaa na wadudu, ambayo imo hata katika uyoga. Mfaransa Henri Braconnot ndiye aliyeitenga mara ya kwanza mwaka 1811, akiitoa katika uyoga. Katika viwanda vya leo maganda ya kamba huoshwa kwa tindikali ili chokaa iondoke, kisha kwa magadi makali ya kiwandani ili protini iondoke. Kinachobaki ni kaitini. Kaitini nayo hupikwa katika magadi makali zaidi, kwa moto, hata igeuke kuwa kaitosani. Yasemwe hapa wazi, kwa sababu kila linapotajwa jambo la maganda hutokea mwanachama mwenye bidii akataka kujaribu nyumbani: kazi hii si ya jikoni. Magadi hayo hula ngozi na kupofusha macho, na maji machafu yatokanayo nayo, yakimwagwa kandoni mwa ziwa, yataua samaki wengi kuliko ugonjwa wowote.

Kaitosani ina tabia mbili zinazoifanya ipendwe. Huyeyuka katika siki nyepesi lakini haiyeyuki katika maji ya kawaida. Na inapokuwa imeyeyuka hubeba chaji chanya ya umeme. Ute unaofunika utumbo, ngozi na matamvua ya samaki una chaji hasi, hivyo viwili hivyo huvutana na kushikamana. Punje ya dawa ya kawaida huteleza juu ya ute na kupita. Chembe ya kaitosani hunata. Kutengeneza chembe zenyewe hakuhitaji moto wala mashine kubwa. Kaitosani iliyoyeyushwa huchanganywa na dawa, kisha hudondoshewa tripolifosfeti, chumvi ambayo viwanda vya minofu huitumia ili minofu isipoteze maji. Chumvi hiyo ina chaji hasi, na papo hapo kaitosani hujikunja kuizunguka na kuwa vidonge vidogo mno, dawa ikiwa ndani.

Msomaji makini atakuwa ameona kasoro. Ikiwa kaitosani huyeyuka katika siki, itasalimikaje katika tumbo la sato lililo kali kuliko ndimu? Jibu ni kwamba peke yake haisalimiki vizuri. Ndiyo sababu wataalamu wengi huiunganisha na aljineti, kitu kitolewacho katika mwani wa kahawia, kilichotengwa na mkemia Mwingereza Edward Stanford katika miaka ya 1880. Aljineti hufanya kinyume: katika tindikali hukaza na kujifunga, na ikifika utumboni, ambako tindikali imekwisha, hulegea na kufunguka. Kwa hiyo mmoja hulinda mzigo njiani na mwingine huunatisha mahali pa kushushia. Wakulima wa mwani wa Unguja na Pemba wasikimbilie kufurahi: mwani walimao hutoa karajinani, ambayo ni kitu kingine, ingawa nayo inajaribiwa katika kazi za namna hii.

Je, imeonekana kufaa? Kwa kiasi. Mwaka 2008 wataalamu wa India walichapisha matokeo ya kuwalisha samaki wa baharini aina ya Lates calcarifer, ndugu wa sangara wetu, chanjo iliyofungwa katika kaitosani dhidi ya bakteria wa vibrio. Waliochanjwa walikufa wachache kuliko wasiochanjwa, lakini kinga ilikuwa ya wastani, si kamili. Mwaka 2019 wataalamu wa Thailand walieleza jinsi walivyowaogesha sato wekundu wachanga katika chanjo iliyovikwa kaitosani dhidi ya kolumnarisi, ugonjwa unaokula matamvua na ngozi. Chanjo iliyovikwa ilinata katika matamvua, na samaki wake waliokoka wengi kuliko wale walioogeshwa kwa chanjo isiyovikwa. Matokeo haya ni ya kutia moyo. Lakini yametoka katika matangi ya majaribio, ambako maji hupimwa kila siku na ugonjwa hupandikizwa siku moja kwa samaki wote. Ziwani upepo hugeuka, maji hugeuka, na ugonjwa huja na mwenzake.

Mwuzaji akisema kwamba kitu hiki hakina madhara kwa kuwa ni cha asili, katibu asilipokee neno hilo. Mwaka 2000 wataalamu wa Marekani walieleza majaribio ya kutia kaitosani iliyoyeyushwa kwa tindikali katika maji ya samaki aina ya trauti, nia ikiwa ni kusafisha maji tu. Kwa kiasi kidogo sana, chini ya gramu moja kwa mita ya ujazo ya maji, samaki walikufa na matamvua yao yalikutwa yameharibika. Unato ule ule unaosifiwa ndio uliowaua, kwa kuwa samaki hupumua kwa ute wa matamvua. Chembe zilizofungwa vizuri si sawa na kaitosani iliyoyeyuka, ila tofauti hiyo haionekani kwa macho ndani ya paketi. Kwa hiyo bidhaa ya kulishwa isimwagwe majini, hata kama mwanachama anaona ni njia ya mkato.

Lipo na hili. Mwishoni mwa mwaka 2022 samaki wengi walikufa katika vizimba vya Ziwa Victoria upande wa Kenya, karibu na Kisumu, na wenye vizimba walipata hasara kubwa mno. Watafiti waliochunguza waliona kwamba maji yalikuwa yamepungukiwa na hewa ya oksijeni. Kwa vifo vya namna hiyo hakuna chembe, kubwa wala ndogo, ambayo ingeokoa hata samaki mmoja. Wanachama yafaa wajifunze kutofautisha. Samaki wanaokosa hewa hupanda juu na kutweta, hufa wengi kwa mara moja, aghalabu alfajiri, na wakubwa hutangulia. Ugonjwa huanza na wachache, huongezeka siku hata siku, na huacha alama katika ngozi, macho au matamvua. Chama kisiagize dawa yoyote kabla samaki waliokufa karibuni hawajapelekwa kwa ofisa wa uvuvi au daktari wa mifugo wakiwa katika barafu.

Tuseme sasa kwamba ugonjwa umethibitishwa na daktari ameandika dawa. Hapo kazi ya hesabu humwangukia katibu. Kizimba kina sato 2,000 wenye uzito wa wastani wa gramu 250, jumla kilo 500. Daktari ameandika miligramu 50 kwa kila kilo ya samaki kwa siku, kwa siku 10. Hiyo ni gramu 25 za dawa kwa siku, na gramu 250 kwa tiba nzima. Paketi ya chembe yenye uzito wa gramu 100 huweza kuwa na gramu 10 tu za dawa, zilizobaki zikiwa ni kaitosani na vikolezo vyake. Kwa kipimo hicho hicho chama kitahitaji paketi 25. Yawezekana dawa iliyofungwa vizuri ikatosha kwa kipimo kidogo zaidi, lakini hilo ni la daktari kusema kwa maandishi, si la mwuzaji. Bei ilinganishwe kwa gramu ya dawa iliyomo, kamwe si kwa paketi. Wako makatibu waliokwisha kununua mbolea kwa kuhesabu mifuko pasipo kuhesabu kilichomo, na mkaguzi hawezi kuirudisha fedha hiyo.

Hesabu ya pili ni ya asilimia. Bidhaa za kinga husifiwa kwa kusema, kwa mfano, "kinga asilimia 75". Maana yake ni hii: ikiwa katika kizimba kisichotibiwa samaki 40 kati ya 100 walikufa, na katika kilichotibiwa walikufa 10 kati ya 100, basi kati ya vifo 40 vilivyotazamiwa vimeepukwa 30, na 30 kwa 40 ni asilimia 75. Hiyo ni faida kubwa. Lakini ikiwa katika kisichotibiwa walikufa 4 kati ya 1,000, na katika kilichotibiwa akafa 1 kati ya 1,000, asilimia ni ile ile 75, nacho chama kimeokoa samaki watatu. Katibu asiridhike na asilimia. Aombe hesabu nne: walikuwa wangapi kila upande, na walikufa wangapi kila upande. Mwuzaji asiyekuwa na hesabu hizo nne hana kitu cha kuuza.

Chama kikitaka kujaribu, kijaribu kwa vizimba vichache na kwa uamuzi wa mkutano ulioandikwa. Vizimba vya kulinganisha viwe na vifaranga wa tundu moja, idadi sawa, chakula sawa, navyo vikae mahali penye mkondo ulio sawa. Kosa litokealo mara nyingi ni kukipa dawa kizimba cha mwenyekiti, kilicho nje penye maji mazuri, na kukiacha bila dawa kile kilicho ndani karibu na matete. Kisha matokeo husomwa mkutanoni kwa shangwe. Ni bora kupiga kura ya karatasi ili bahati iamue kizimba gani kipate. Waliokufa wahesabiwe kila asubuhi na mtu yule yule, wakiwemo wale wachache wanaoonekana si kitu.

Limebaki jambo la muda wa kusubiri, nalo ndilo linaloweza kuharibu jina la chama kizima kwa kosa la mtu mmoja. Kila dawa ya samaki ina siku ambazo mfugaji hana budi kungoja kabla ya kuvua na kuuza, ili dawa iishe mwilini. Ulaya huhesabu kwa kuzidisha siku na joto la maji, kwa kuwa samaki wa maji ya moto huitoa dawa upesi kuliko wa maji ya baridi. Lebo ikisema 500, maji yakiwa na nyuzi 25 za sentigredi, muda ni siku 20. Yakiwa na nyuzi 10 ni siku 50. Basi chembe za nano, kwa umbile lake, huitoa dawa polepole, na huenda zikaifikisha mahali ambapo dawa ya kawaida haifiki. Hivyo siku zilizoandikwa kwa dawa ya kawaida haziwezi kutumika kwa dawa iyo hiyo ikiwa imefungwa katika chembe. Bidhaa isiyo na muda wake yenyewe wa kusubiri, uliokubaliwa na mamlaka ya dawa ya nchi, isiingizwe katika ghala la chama hata kama inatolewa bure kwa majaribio.

Katika daftari la tiba kila kizimba kiwe na ukurasa wake. Yaandikwe tarehe ya kuanza na ya kumaliza, jina la dawa pamoja na jina la kibebeo chake, namba ya toleo iliyo katika paketi, gramu zilizotumika kwa siku, joto la maji asubuhi na alasiri, idadi ya waliokufa, na tarehe ya kwanza ambayo samaki wa kizimba hicho wanaweza kuvuliwa. Ukurasa utiwe sahihi na mwenye kizimba pamoja na katibu. Tarehe ile ya mwisho inakiliwe pia katika ubao wa mwaloni, kwa herufi kubwa, ili hata mwanachama aliyekuwa safarini, au mwanawe aliyetumwa kuvua samaki wa arusi, aione kabla hajafungua wavu.